Rivabu, Dilei au Dabo: Efekti ya Kwanza kwa Vokali Iliyorekodiwa Chumbani

Karibu kila anayerekodi nyumbani hufika mahali pamoja. Vokali, yaani sauti ya mwimbaji iliyorekodiwa, imesafishwa, maneno yanasikika, mwimbaji hakutoka nje ya ufunguo, lakini wimbo ukichezwa sauti inakuwa ndogo na kavu, imekaa juu ya biti badala ya kukaa ndani yake. Hapo mkono hukimbilia rivabu, kwa sababu ndiyo efekti inayojulikana zaidi na inayobadilisha sauti papo hapo. Katika ulinganisho huu naiweka rivabu sambamba na njia nyingine mbili zinazofanya kazi hiyohiyo ya kuipa vokali ukubwa na kina, yaani dilei na dabo, ili msomaji aamue aanze na ipi kwa chumba alichonacho, kompyuta aliyonayo na aina ya wimbo anaoutengeneza. Niseme mapema ninakoegemea: kwa vokali iliyorekodiwa katika chumba cha kulala au sebuleni, dabo na dilei zinastahili kujaribiwa kabla ya rivabu, na rivabu ikija ije kwa kiasi kidogo. Zipo aina za muziki ambazo utaratibu huu hauzifai, nazo nitazifikia.

Kwa rivabu nakusudia efekti inayoiga nafasi: sauti moja inazaa miangwi midogo isiyohesabika, inayofuatana kwa karibu kiasi kwamba sikio haliwezi kuitenganisha, na yote hufifia polepole hadi kimya. Dilei huchukua nakala ya sauti na kuirudisha baada ya muda uliopangwa, mara moja au mara kadhaa, na kila mrudio unasikika peke yake. Dabo si efekti ya programu hata kidogo. Ni mwimbaji kuimba mstari uleule mara ya pili kwenye traki nyingine, kisha traki zote mbili zikachezwa pamoja. Mbili za kwanza ni kazi ya mashine, na ya tatu ni kazi ya mapafu, ndiyo maana wengi huikwepa.

Chumba kimekwisha kuweka efekti yake

Uamuzi huu hauanzii kwenye programu bali kwenye chumba. Vyumba vingi vya mijini kwetu vina kuta za tofali za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae, dirisha la vioo na dari ya jipsamu, na kila kimoja kati ya hivyo kinarudisha sauti. Kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 3 hurudisha sauti pale ilipotoka baada ya kusafiri mita 6. Kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20, mrudio huo hufika baada ya milisekunde 17 au 18, kisha huenda na kurudi tena na tena hadi uishiwe nguvu. Piga kofi moja katikati ya chumba kisicho na samani nyingi na utausikia: mlio mwembamba wa "trrr" unaofuata kofi lenyewe.

Maiki inanasa mlio huo pamoja na sauti ya mwimbaji, na mrudio wa ukuta wa karibu ndio unaoharibu zaidi. Maiki ikisimamishwa sentimita 50 kutoka ukutani, sauti inayoipita, ikagonga ukuta na kuirudia imesafiri mita 1 zaidi ya ile iliyofika moja kwa moja. Zikichanganyika, baadhi ya masafa, yaani viwango vya mtetemo wa sauti kuanzia besi hadi sauti nyembamba, hufutana: pengo la kwanza hutokea karibu na hezi 170, jingine karibu na hezi 515, na kuendelea hivyo kwenda juu. Hiyo ndiyo vokali ambayo msikilizaji asiyejua lolote kuhusu mitambo ataisema imeimbwa ndani ya debe.

Kwa hiyo mtu anayeongeza rivabu juu ya vokali ya namna hiyo haongezi nafasi kwenye sauti kavu. Anaweka chumba cha pili juu ya chumba cha kwanza, na vyumba hivyo viwili havipatani. Kompresa huzidisha tatizo, kwa kuwa kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, na mwangwi wa chumba ni sauti ndogo inayopandishwa pamoja na pumzi za mwimbaji. Programu za kuondoa mwangwi zipo, lakini huondoka na sehemu ya sauti yenyewe. Ni rahisi zaidi kuuzuia kabla ya kurekodi: godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, kwa sababu maiki inayomtazama yeye inatazama pia kilicho nyuma yake, mablanketi mawili mazito pembeni, maiki kusogezwa mbali na ukuta na mwimbaji kuisogelea hadi sentimita 15 au 20. Trei za mayai, ambazo zimepamba kuta za studio nyingi za mitaani, ni mapambo tu kwa sehemu kubwa: karatasi nyepesi hugusa masafa ya juu kidogo na kuyaacha ya kati na ya chini yaendelee na shughuli zake.

Rivabu

Mwaka 1947 huko Chicago, fundi wa sauti Bill Putnam aliligeuza bafu la studio kuwa chumba cha mwangwi: spika inacheza ndani, maiki inanasa kinachorudi, na mchanganyiko huo unaongezwa kwenye rekodi kwa kipimo anachokitaka fundi. Miaka 10 baadaye kampuni ya EMT ya Ujerumani ilileta EMT 140, mashine yenye bamba la chuma lililoning'inizwa ndani ya sanduku na kutikiswa kwa umeme, na uzito wake ulifika karibu kilo 270. Mwaka 1976 kampuni hiyohiyo ikatoa EMT 250, iliyofanya kazi hiyo kwa hesabu za kidijitali. Historia hii ina faida ya moja kwa moja kwa anayefungua plagini, yaani programu ndogo ya efekti, leo, kwa sababu majina yaliyomo kwenye menyu yametoka kwenye vyumba na mitambo ya namna hiyo: Plate ni bamba, Spring ni springi, Hall ni ukumbi, Room ni chumba.

Kwa vokali ya nyumbani, bamba ndilo la kuanza nalo na chumba ndicho cha kuepukwa. Bamba halisikiki kama mahali fulani. Halina ukuta wa karibu wala wa mbali, bali linaanza na msongamano mzito mara moja na kuipa sauti mng'ao. Rivabu ya chumba, kinyume chake, imetengenezwa kwa ustadi mkubwa ili kuiga kitu ambacho tayari unacho na hukitaki. Ukumbi una mkia mrefu, yaani mwangwi wake huchukua muda kufifia, na katika wimbo wa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika wenye ngoma nyingi mkia huo hauna pa kwenda ila kuwakanyaga wengine.

Mipangilio ya rivabu haina siri kubwa. Muda wa kufifia wa sekunde 1 hadi 1.5 unatosha nyimbo nyingi zenye biti. Za taratibu zinaweza kubeba sekunde 2 au zaidi. Ucheleweshaji wa awali, yaani mwanya kati ya sauti na mwanzo wa rivabu, uwe milisekunde 30 hadi 60, ili konsonanti itoke safi kabla ya wingu kuanza. Rivabu iwekwe kwenye chaneli yake na vokali itumwe humo, isiwekwe moja kwa moja kwenye traki ya vokali, kwa sababu chaneli yake inakuwezesha kukata masafa ya chini ya hezi 250 au 300 na ya juu ya hezi 7,000 kwenye rivabu pekee bila kuigusa sauti. Kukata huko chini ni muhimu kuliko mipangilio mingine yote: rivabu yenye besi ndiyo inayofanya wimbo mzima usikike kama umefunikwa.

Lipo jambo linalohusu uimbaji wa Kiswahili ambalo mafunzo ya mtandaoni, mengi yakiwa yametengenezwa kwa Kiingereza, hayana sababu ya kuligusa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na papo hapo hubeba habari nzito kwenye silabi zisizo na mkazo mwanzoni mwa kitenzi. "Alinipenda" na "atanipenda" hutofautiana kwa silabi moja nyepesi ambayo mwimbaji huipita haraka akielekea kwenye "pe". Mkia wa sekunde 2.5 wa neno lililotangulia huangukia hasa kwenye silabi hizo, na msikilizaji anabaki hajui kama mapenzi yamekwisha au hayajaanza. Mwanya wa awali hausaidii sana hapa, kwa kuwa unalilinda neno dhidi ya rivabu yake lenyewe na si dhidi ya mkia wa neno lililopita. Kinachosaidia ni mkia mfupi, au kompresa kwenye chaneli ya rivabu iliyofungwa kuisikiliza vokali, ili rivabu ishuke mwimbaji anapoimba na kupanda anaponyamaza.

Dilei

Ikilinganishwa na rivabu, dilei ina fadhila moja kubwa: huacha nafasi tupu kati ya sauti na mrudio wake. Nakala zake hubeba mwangwi wa chumba pia, hilo haliepukiki, lakini zinakuja baadaye na kwa udogo, na ukizichuja juu na chini chumba hupotea ndani yake. Maneno yanabaki yamesimama. Ndiyo maana katika nyimbo nyingi ambazo msikilizaji huapa kwamba zina rivabu nzuri, sehemu kubwa ya anachokisikia ni dilei iliyofichwa.

Kuna dilei fupi na kuna dilei ya mdundo, na zinafanya kazi tofauti kabisa. Ile fupi hurudi mara moja tu baada ya milisekunde 80 hadi 140 hivi, na haionekani kama mwangwi bali kama unene. Sam Phillips aliifanya kuwa alama ya studio yake ya Sun huko Memphis katika miaka ya 1950 kwa kutumia mashine mbili za utepe, moja ikichelewesha kile inachokirekodi nyingine. Kwa rapu ni vigumu kupata efekti bora zaidi: haina mkia wa kufunika mstari unaofuata, na inaipa sauti moja ukali ambao rivabu ingeulainisha.

Dilei ya mdundo inafungwa kwenye mwendo wa wimbo, na hesabu yake ni ya kugawa 60,000 kwa mapigo ya dakika. Wimbo wa mapigo 100 una milisekunde 600 kwa pigo. Nusu pigo ni 300, na robo tatu ya pigo ni 450. Hiyo ya mwisho hupendwa kwa sababu mrudio haukai juu ya pigo, unapenya kati ya ngoma. Lakini si kila mdundo wa kwetu unagawanyika kwa mbili. Chakacha hugawa pigo mara tatu, kwa hiyo katika mwendo huohuo milisekunde zinazofaa ni 200 na 400, na mtu akiacha programu ichague 300 au 450 kwa mazoea, dilei itapigana na ngoma mwanzo hadi mwisho bila yeye kujua kinachomkera.

Wanaofikiri efekti kubwa zinahitaji jengo kubwa waitazame Kingston, Jamaika, ya miaka ya 1970. Fundi wa sauti King Tubby alifanya kazi yake nyumbani kwao mtaa wa Waterhouse, na prodyuza Lee "Scratch" Perry alijenga studio yake ya Black Ark mwaka 1973 katika uwanja wa nyumba yake, akirekodi kwa mashine ya traki 4. Walichokifanya ni kuichukua dilei na kuipiga kama ala: neno moja linatupwa kwenye mwangwi, linazunguka, linakatwa. Mbinu hiyo leo inafanywa kwa kuchora mstari kwenye programu, kiasi cha sauti kinachotumwa kwenye dilei kikiwa sifuri muda wote ila pale unapotaka neno lirushwe.

Katika Kiswahili mkazo ndio unaoamua mrusho uanzie wapi. Tuseme mstari unaishia na "nimekungoja". Anayefungua mlango wa dilei kwenye silabi ya mwisho atasikia "ja, ja, ja", silabi isiyo na mkazo wala maana, iliyokatwa shingo. Mlango ufunguliwe kabla kidogo ya "ngo", silabi yenye mkazo, ufungwe mara tu "ja" inapokwisha. Kitakachorudi ni "ngoja, ngoja", ambacho sikio linakitambua na ambacho, kwa bahati nzuri, kinaendelea kusema jambo. Kwa mashairi yenye vina vya kati na vya mwisho, mrusho ukae kwenye kina cha mwisho peke yake. Kina cha kati kinafuatwa papo hapo na mizani 8 za kipande cha pili, na mwangwi wake utaziangukia zote.

Dilei ina udhaifu wake. Ikizidi huchosha haraka kuliko rivabu, kwa sababu sikio linaitambua kila inapojitokeza, na haiunganishi ala zilizorekodiwa mbalimbali. Kwa kazi hiyo ya kuunganisha rivabu haina mpinzani.

Dabo

Katika njia tatu hizi, dabo ndiyo pekee inayokuza sauti bila kuirudisha nyuma. Rivabu na dilei huongeza kina, na kina kinapoongezeka mwimbaji husogea mbali na msikilizaji. Dabo humwacha palepale mbele na kumpanua. Inafanya hivyo kwa sababu hakuna binadamu anayeimba mstari mara mbili sawasawa. Tofauti ndogo za wakati, za sauti na za pumzi kati ya traki mbili ndizo zinazoleta unene, na hakuna plagini inayozitengeneza kwa uaminifu uleule. John Lennon wa Beatles aliichukia kazi hiyo ya kurudia, na ndiyo sababu fundi Ken Townsend wa studio za EMI zilizoko Abbey Road, London, alibuni mwaka 1966 mbinu ya kuiiga kwa mashine za utepe. Mbinu ile ilikuwa nzuri, lakini ina rangi yake. Haikuifuta dabo halisi.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Kunakili traki ya vokali na kuibandika chini ya ile ya kwanza si dabo. Nakala mbili zilizo sawa kabisa zinaongeza desibeli 6 tu, jambo ambalo kitelezi kingelifanya kwa sekunde moja. Wengine huisogeza nakala kwa milisekunde 15 hadi 25, moja kushoto na nyingine kulia, na kwenye hedifoni matokeo hupendeza sana. Mtafiti wa usikivu Helmut Haas alikwisha kueleza mwaka 1949 kwa nini sikio linaziunganisha sauti zinazopishana kwa muda mfupi namna hiyo. Balaa huja wimbo unapochezwa kwa spika moja: kushoto na kulia zinajumlishwa, na masafa yanafutana kwa utaratibu uleule wa ukuta wa sentimita 50. Simu nyingi za bei nafuu zina spika moja, redio ndogo za jikoni zina spika moja, na spika ya bluetuthi inayobebwa sokoni mara nyingi ni moja. Dabo halisi haipati ajali hiyo, kwa sababu traki zake si nakala.

Kuirekodi kunahitaji nidhamu kidogo. Mwimbaji asikilize traki ya kwanza kwa sauti ya chini kwenye sikio moja la hedifoni, na maiki isogezwe sentimita chache ili kasoro za chumba zisijirudie kwenye masafa yaleyale. Katika beti, dabo ikae katikati ikiwa chini ya sauti kuu kwa desibeli 8 hadi 10, isisikike kama mtu wa pili. Katika kiitikio ziimbwe dabo mbili, moja ipelekwe kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, sauti kuu ikibaki katikati. Mlio wa "s", "sh" na "ch" ndio unaofichua dabo mbovu, kwa hiyo konsonanti hizo zipunguzwe kwenye dabo na kuachwa kwenye sauti kuu peke yake.

Kiswahili kinamrahisishia mhariri kazi, kwa kuwa karibu kila silabi huishia kwa irabu na miisho ya mistari inaweza kukatwa pamoja bila mtu kusikia. Ugumu uko mwanzoni, kwenye maneno kama "mpenzi" na "nchi", ambapo "m" au "n" inaanza taratibu na umbo lake kwenye skrini halioneshi ilipoanzia. Pangilia traki mbili kwa irabu inayofuata, "e" ya "pe", na uiache "m" ijisimamie. Kuhusu programu za kunyoosha sauti, ambazo zimekuwa sehemu ya kazi hii tangu kampuni ya Antares ilipoitoa Auto-Tune mwaka 1997: ukizinyoosha traki zote mbili kwa kasi ya juu kabisa unaziua tofauti ulizozitafuta. Sauti kuu inyooshwe unavyopenda, dabo iguswe kidogo.

Gharama, mashine na muda

Kwa mwenye kompyuta dhaifu uchaguzi karibu unajifanya wenyewe. Dabo haitumii nguvu ya prosesa zaidi ya traki moja ya kawaida, dilei hutumia kidogo, rivabu hutumia zaidi, na ile inayoiga ukumbi halisi kwa sampuli ya mwangwi wake ndiyo nzito kuliko zote. Fedha si kikwazo cha kweli. Programu ya kurekodi ya Reaper hujaribiwa kwa siku 60 na leseni yake ya matumizi madogo ni dola 60 za Marekani, ikiwa na dilei, rivabu na kompresa ndani yake. FL Studio ina Fruity Delay 3 na Fruity Reeverb 2. Valhalla Supermassive, plagini ya dilei na rivabu, hupatikana bure. Na anayefanya kazi kwenye simu ana BandLab. Sioni sababu ya kununua rivabu kabla ya kununua blanketi la pili.

Gharama ya dabo ni ya namna nyingine. Inataka mwimbaji awepo, awe na sauti bado, na awe anaukumbuka mstari alivyouimba. Msanii mwalikwa aliyepita kwa saa moja kabla ya safari hatakupa dabo za beti nzima. Chukua dabo za kiitikio peke yake, na beti uzimalizie kwa dilei fupi. Anayeimba huku akipiga gitaa mbele ya maiki moja hawezi kuifanya kabisa, kwa kuwa gitaa limo ndani ya traki ya vokali na litarudiwa pamoja nayo.

Waimbaji wengi huomba wasikie rivabu kwenye hedifoni wanaporekodi, na wapewe, kwa sababu huwapa ujasiri. Efekti hiyo iende masikioni mwao tu, isiingie kwenye rekodi. Rivabu iliyorekodiwa pamoja na vokali haitoki tena.

Wimbo gani, njia gani

Kwa rapu ningechagua dilei fupi, na dabo kwenye maneno ya mwisho ya mistari tu, si mstari mzima, rivabu naiacha. Kwa wimbo wa mapenzi wa Bongo Fleva wenye biti ya kompyuta, dabo kwenye kiitikio ndiyo inayoleta tofauti kubwa kati ya beti na kiitikio, dilei ya mdundo hujaza mianya, na bamba fupi huwekwa mwisho kwa kiasi ambacho msikilizaji hatakitambua hadi ukizime.

Kwaya inageuza mambo yote. Watu 20 wakiimba pamoja tayari ni dabo mara 20, na dilei juu yao huleta vurugu ya konsonanti. Wanachokihitaji ni mahali, hasa ikiwa waimbaji wanne tu wamerekodiwa sebuleni kwa zamu ili wasikike kama kundi. Hapo rivabu ya ukumbi ndiyo kazi yenyewe, na muda wa sekunde 2 au zaidi hauna ubaya. Kaswida ya sauti moja isiyo na ala nayo inadai rivabu, kwa sababu msikilizaji wake ameizoea ikija na nafasi kubwa nyuma yake, na kimya kilichopo kati ya mistari kinaupa mkia muda wa kumalizika. Ila maneno ndiyo yanayobeba kaswida, kwa hiyo ukataji wa masafa ya chini usisahauliwe.

Taarabu ya nyumbani ndiyo ngumu kuliko zote. Mara nyingi fidla, udi, kanuni na mwimbaji hurekodiwa siku tofauti katika chumba kilekile kidogo, na kila kimoja kinakuja na sauti yake isiyojua wenzake. Rivabu moja ya pamoja, ambayo ala zote na mwimbaji hutumwa humo kwa viwango tofauti, huwakusanya kwa namna ambayo dilei na dabo haziwezi. Mwimbaji atumwe kidogo kuliko fidla. Dabo nisingeithubutu hapa: madoido ya sauti ya mwimbaji wa taarabu, yale anayoyapinda kati ya noti na noti, hayaimbiki mara mbili kwa namna moja, na mtu akijaribu kuyalinganisha atayanyoosha bila kukusudia.

Iwapo kazi itapelekwa kwa prodyuza mwingine akaimiksi, apelekewe vokali kavu, kila dabo kwenye faili lake, zote zikianzia sekunde ya kwanza ya wimbo ili zijipange zenyewe. Mirusho ya dilei iliyopangwa neno kwa neno nayo itolewe kwenye faili la pekee, bila sauti kuu ndani yake, na mwendo wa wimbo uandikwe kwenye jina la faili. Rivabu hakuna haja ya kuituma. Ana zake, na kuna uwezekano mkubwa kwamba chumba chake ni kizuri kuliko chako.